Kaye ya Kujaribu Kalamu

Niliondoka Makobola asubuhi moja kabla chai haijachemka, bila kujua ninakwenda wapi. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nimekaa pale miezi miwili, nikilala kwenye kibanda cha fundi wa nyavu. Nilikuwa nimejifunza mafundo yake yote, nimejua kila njia inayopanda mlimani inaishia kwenye shamba la nani, na asubuhi ile niliamka nikaona sina kitu tena cha kuuliza. Kwangu huo ni ugonjwa. Hata shule niliiacha mwaka wa tano kwa sababu hiyo hiyo: mwalimu alikuwa anarudia somo la jana, na nje ya dirisha mtu alikuwa anachimba kisima.

Mgongoni nilibeba mfuko wenye kaye zangu na picha zangu. Kaye, kwetu, ni daftari la shule, lakini hizi nilizitengeneza mwenyewe. Nilikunja karatasi, nikazitoboa kwa msumari, nikazishona kwa uzi wa nyavu, kisha nikabandika jalada la katoni lililovikwa kipande cha kitenge. Gundi ilikuwa uji wa muhogo uliopikwa mpaka ukagoma kudondoka kwenye kijiko. Mende waliipenda kuliko wateja. Picha zilikuwa za makaa na wino: mitumbwi imepinduliwa mchangani, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa, wanawake wanaoteka maji ziwani huku wakigombana.

Nilivaa jile ya bluu, kizibao chenye mifuko mingi, niliyoipata kwenye mitumba. Mfuko mmoja ulikuwa wa msumari, mmoja wa uzi, mmoja wa kalamu. Kifuani ilikuwa na alama ya shirika fulani. Mtu alikuwa ameibandua, ikabaki duara ya nyuzi tu. Niliipenda kwa mifuko yake. Sikuwahi kufikiri wengine wanaona nini wakiniona nayo.

Pikipiki ilinishusha Kalundu, nikaendelea kwa miguu mpaka mjini Uvira. Karibu na uwanja wa parokia moja nikaona kitambaa kimefungwa kati ya nguzo mbili, kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuna maonyesho ya kazi za mikono, leo na kesho. Ndani ya ua kulikuwa na meza, vikapu, sanamu za mbao, batiki. Nikasema moyoni, basi, ndiko nilikokuwa ninakwenda.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye filimbi shingoni na karatasi mkononi.

"Jina yako iko wapi hapa?" akaniuliza.

"Haipo. Nimefika sasa hivi."

"Njo umefika sasa hivi, na unataka meza? Wenzako walijiandikisha tangu siku nyingi."

"Hata pembeni, papa. Hata chini."

"Hata chini iko na wenyewe."

Nilimwomba mpaka akachoka, na kuchoka kwake kukanipatia benchi lililovunjika mguu, nje ya lango, ubavuni mwa ukuta wa choo, kwenye njia inayoteremka kuelekea mtaa wa Mulongwe. Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza vikapu, ambaye naye alikuwa amefukuzwa ndani kwa sababu nisizozijua. Hakuitika nilipomsalimu. Alivuta vikapu vyake hatua moja mbali nami.

Nimeuza vitu vyangu mahali pengi, lakini sijawahi kuchukiwa haraka kama siku ile. Mama wa kwanza alifungua kaye, akaigeuza, akaitikisa kama anayetafuta kitu kidondoke.

"Hii kitabu iko na nini ndani?"

"Haina kitu, mama. Unaandika mwenyewe."

"Ah! Kumbe weye unauzisha watu kazi!"

Wenzake wakacheka mpaka chini ya njia. Akaja mwalimu, nilimjua kwa chaki kwenye mikono ya koti lake. Akauliza mistari iko wapi. Nikamwambia haina mistari. "Basi mutoto ataandika kama mutu anapanda mulima," akasema, akairudisha kwa vidole viwili. Kijana mmoja akasimama mbele ya picha ya ndagala.

"Hii ni ndagala?"

"Ndiyo."

"Mbona hainuki?"

Nilianza kuwachukia mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Ilikuwa kazi ya usiku mwingi ile, na vidole vyangu vilikuwa na matundu ya sindano. Nikajiambia kwamba mji huu hauna mtu mwenye fikra hata moja ya kuandika. Hapo ndipo nilipotoa kaye ya kujaribu.

Kaye ya kujaribu haiuzwi. Naifunga kwa uzi kwenye meza, na kalamu nayo naifunga, ili mtu aguse karatasi na kuona wino hausambai. Kwa kuwa napenda kujua mambo ya watu, nilikuwa nimechora ndani yake safu tatu. Ya kwanza niliandika juu yake: Jina. Ya pili: Unatoka wapi. Ya tatu: Neno moja. Mtu aandike neno lolote analolitaka. Makobola waliandika Mungu, mpira, mama, pombe. Mmoja aliandika jina la mke wa jirani, ikabidi nichane ukurasa.

Mtu wa kwanza kuandika pale Uvira alikuwa mzee aliyekuwa akipita na jerikani. Alisoma vichwa vya safu, akanitazama kifuani, akaweka jerikani chini. Akaandika polepole. Nyuma yake akasimama mwanamke, na nyuma ya mwanamke wakasimama wawili. Kabla sijamaliza kushangaa, mstari ulikuwa umefika kona ya ukuta.

Nilisoma maneno yao nikafurahi kama mpumbavu. Hakuna aliyeandika Mungu. Hakuna aliyeandika mpira. Waliandika: bashi. Sufuria. Nyumba yote. Bashi. Watoto saba. Muhogo. Bashi tena. Nilijua kwamba bashi ni turubai, lakini nilidhani mmoja amelianzisha na wengine wanamwiga kwa mzaha. Nikawaza, watu hawa wana maneno mazito, si kama wale wa Makobola. Nikawaza hata nitaukata ukurasa ule na kuuweka kwenye fremu.

Akafika mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge kilichopauka kwa matope yasiyotoka. Hakujua kuandika. Alinitajia jina lake na avenyu yake, yaani mtaa anaokaa, nikamwandikia.

"Na neno, mama?"

Akafikiri. "Andika mbili."

"Ni neno moja tu."

"Basi andika kitanda. Ile ingine Mungu ataona."

Kisha akaona chupa yangu ya wino wa kuchorea. Akaifungua mwenyewe, akachovya kidole gumba, akakikandamiza kando ya jina lake kwa nguvu, kama anayeua mdudu. Alama ilikaa vizuri kabisa, kila mstari wa ngozi ulionekana. Nikamwambia ni nzuri. Alinitazama kwa mashaka, akasema, "Aksanti, shefu," akaenda zake.

Wote walinishukuru hivyo, kama mkubwa wa ofisi. Aksanti, shefu. Na hakuna aliyegusa kaye za kuuza. Kurasa nne zilikuwa zimejaa na benchi langu lilikuwa bado limejaa. Hasira ikanirudia. Nikamgeukia muuza vikapu.

"Watu wa hapa wanaandika bure, hawanunui."

Akanijibu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Weye uko wa shirika gani?"

"Shirika gani?"

"Lenye linaandika watu wa maji."

Ndipo akanieleza, huku akifuma na bila kuniangalia. Majuma machache yaliyopita mto Mulongwe ulikuwa umeingia kwenye nyumba, nyingine ukazibeba nzima. Leo, kwenye uwanja wa shule kule chini, watu wa msaada walikuwa wanaandikisha waliopoteza nyumba. Wanaandika leo tu, mpaka saa tisa. Asiyeandikwa leo hapati kitu.

"Hawa wote wenye wanakuja kwako wametoka ku mulolongo ya kule," akasema. "Kwako iko fupi. Na weye uko na jile."

Niliangalia kifua changu, ile duara ya nyuzi.

"Mbona haukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakuangalia. Nilifikiri uko mwizi mwenye anajua kazi."

Mstari ulikuwa bado umesimama mbele yangu. Nikapanda juu ya benchi, likayumba, nikashuka. Nikasema nikiwa chini: "Sikilizeni. Mimi siandikishi mtu. Mimi ninauza kaye. Rudini shuleni haraka."

 Mtu wa katikati akauliza, "Na wenye wamekwisha kuandika?"

 Mwanamke mmoja akapiga yowe: "Amekula majina yetu!" Maneno hayo yalipita njiani haraka kuliko mimi ningeweza kukimbia. Amekula majina. Niliona wanatoka kwenye vichochoro, wale walioandika tangu asubuhi, mmoja mmoja. Kaye ziliruka kwenye mfereji. Mitumbwi yangu ikakanyagwa. Mtu akanipiga kofi la sikio. Mwenye filimbi alipuliza mara moja, akafunga lango, yeye akiwa ndani.

Aliyewazuia alikuwa yule mama wa kidole gumba. Bado kilikuwa cheusi. Hakuwazuia kwa huruma.

"Mukimupiga atakimbia, na majina itakimbia naye. Mumuache kwanza atupeleke."

Akanishika jile mgongoni, akaikunja ngumini kama mtu anayemshika mbuzi. Kaye ya kujaribu nilikuwa nimeikumbatia, uzi wake wa mezani ukining'inia. Tukaenda.

Njia nzima alinisemesha. Alikuwa amefika kwenye mulolongo kabla ya jua. Hakunywa hata maji, asije akatoka kwenda haja na kupoteza nafasi.

"Nilibakiza watu saba mbele yangu, nikasikia kwako inaenda mbio," akasema. "Weye unajua saba?"

"Ninajua, mama."

"Haujui. Mmoja!" Akanipiga mgongoni. "Wawili!" Akaendelea mpaka ya saba. Watu wa pembeni walimsaidia kuhesabu.

Tulipita katikati ya mtaa wa Mulongwe. Matope yaliyokauka yalikuwa yamechora mstari kwenye kuta, juu ya kiuno changu. Mahali pengine ukuta wenyewe haukuwapo, mlango tu ulikuwa umesimama na kufuli yake. Mawe makubwa kama ng'ombe waliolala yalikuwa ndani ya vyumba vya watu. Wakati mwingine wowote ningesimama niulize jiwe lile lilipitia wapi. Siku ile hata mimi nilijua kunyamaza.

Kwenye uwanja wa shule hema lilikuwa limeshushwa. Vijana walikuwa wanakunja meza na kuzipandisha kwenye gari ambalo tayari lilikuwa linaunguruma. Karani mmoja, mwenye jile kama yangu lakini mpya, alikuwa anafunga makaratasi kwa kamba.

"Tumefunga," akasema kabla hatujafungua mdomo.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianzia Makobola. Yule mama akanisukuma pembeni.

"Shefu, sisi tuliandikwa. Tuliandikwa pa ingine tu. Lisiti ya majina ni hii."

Karani akaichukua kaye. Ilikuwa na jalada la kitenge cha majogoo. Aliiangalia mbele na nyuma, kisha akafungua.

"Bashi," akasoma. "Sufuria. Kitanda. Muhogo. Nani aliuliza hii?"

"Mimi," nikasema.

"Sisi tunauliza watu wangapi mu nyumba. Hatuulize wanataka nini. Ukiuliza mutu anataka nini, utamaliza lini?"

 Dereva akapiga honi. Karani alitazama saa yake, akatazama watu, na nadhani aliona kwamba gari halitatoka kwa urahisi. Akashusha sauti. Akasema angeweza kupokea lisiti ya nyongeza kama imeandikwa na ajenti, na kama ajenti mwenyewe yuko hapa kuweka sahihi kila ukurasa. Kama hakuna ajenti, ni karatasi tu.

"Njo ninauliza. Weye uko ajenti?"

Ngumi ya mama ilijikaza mgongoni mwangu. "Ni ajenti," akasema. "Alikuwa upande ya parokia. Hauone jile?"

Karani hakuwa mjinga. Aliiona ile duara ya nyuzi, akaona mikono yangu yenye gundi na makaa. Alikuwa anangoja tu kuona kama nitalibeba neno lile mwenyewe. Mimi sikuwahi kuweka sahihi kwenye kitu chochote isipokuwa picha zangu. Nilijua kwamba kesho mtu akiuliza ajenti huyu ni nani, hakuna ofisi itakayosema ni wetu. Nilijua pia ni nani aliyemtoa yule mama kwenye nafasi yake ya nane.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akanipa kalamu. Nikaandika ajenti, nikaweka sahihi, kurasa zote nne. Kisha ikaanza kazi ya watu wangapi. Kila jina lilipotajwa mwenyewe alipaza sauti: sita, tisa, wanne na bibi. Waliokwisha kwenda nyumbani walisemewa na majirani. "Ule iko pembeni yangu, wako watano, mumoja ni mugonjwa." Yalibaki majina mawili ambayo hakuna aliyewajua wenyewe. Karani aliacha nafasi zao wazi. Mpaka leo sijui walikuwa nani, na ni hao ninaowafikiria zaidi.

Alipotaka kuchana kurasa, hazikuchanika. Alivuta, akageuza mkono, akavuta tena. Uzi wa nyavu haukumpa hata tundu moja. Ni aibu kusema, lakini katikati ya yote yale nilijisikia vizuri. Alikata kwa wembe, akapiga muhuri, akaziingiza pamoja na zingine. Gari likaondoka.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani pengine mtu atanipa mkono. Watu walitawanyika, kila mmoja akinipita kama unavyopita mbwa usiyemjua. Yule mama peke yake alibaki.

"Sasa sikia. Kesho ao kesho kutwa watakuja kuhakikisha. Watauliza ajenti iko wapi. Tutasema amesafiri."

"Kesho bado nina maonyesho, mama. Nina vitu vyangu pale."

"Maonyesho gani? Ajenti anauzisha kaye? Wakikuona kando ya choo unauzisha kaye, majina yetu inakufa. Yote. Kwa mara ya pili."

 Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Niondoke mpaka lini?"

"Mpaka tusahau sura yako. Na minye sisahau haraka." Akanyoosha mkono. "Na jile, toa."

"Jile ni yangu."

"Ajenti amesafiri, jile imebaki. Wakituuliza tutaonyesha nini? Toa."

Nikatoa msumari, uzi, kalamu, kipande cha mkate nilichokisahau. Nikamvulia. Aliikung'uta mara mbili, akaikunja vizuri zaidi ya nilivyowahi kuikunja mimi, akaiweka kwapani. 

Nilirudi juu kwa njia ya nyuma. Lango la parokia lilikuwa limefunguliwa tena, na mwenye filimbi aliponiona akajifanya anasoma karatasi yake. Benchi halikuwapo. Muuza vikapu alikuwa ameketi palepale, juu zaidi kidogo kuliko asubuhi. Akainuka. Chini yake kulikuwa na kaye zangu sita na picha mbili.

"Zingine zilienda na mufereji," akasema. "Hizi nilizikalia. Sikutaka kukuona unalia hapa mbele ya wateja wangu."

Nikamshukuru. Akachukua kaye moja kutoka mkononi mwangu, bila kuuliza, akaitupa ndani ya kikapu. "Wamekuandika?" akauliza.

"Wao wameandikwa."

"Haya. Enda sasa. Unafukuza watu."

Kwenye barabara ya kuelekea kaskazini nilipata lori lililokuwa likienda kuchukua mahindi Kamanyola. Dereva hakupenda sura yangu, lakini alinipandisha nyuma kwa sababu alihitaji mtu wa kushikilia turubai. Kwenye tambarare ya Ruzizi upepo ni wa moto hata jioni, na bila jile nilihisi vumbi linaingia kila mahali. Tulipofika Runingu maji ya injini yalikuwa yanachemka. Dereva akasimama, akaanza kuitukana injini, kisha mimi. Nilikuwa nimepita Runingu mara nyingi bila kushuka. Nikaruka chini na mfuko wangu.

Watoto walinionyesha nyumba ya mjane mmoja ambaye hupangisha chumba. Nilimkuta anapukuchua mahindi mlangoni. Jua lilikuwa limefika juu ya milima. Alinitazama miguuni kwanza.

"Unatoka wapi?"

"Uvira."

"Na unakimbia nini?"

"Sikimbii, mama. Ninasafiri."

"Wote wanasafiri." Akainuka, akafungua mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa na magunia mpaka nusu ya ukuta, mkeka, na dirisha lililozibwa kwa bati. "Panya ni wa nyumba, usiwapigie kelele. Mahindi usiguse. Unakaa siku ngapi?"

"Sijui."

"Sijui haiko siku."

Nilifikiria ni siku ngapi watu wa kuhakikisha wangechukua kufika Mulongwe, kuuliza, kutazama jile, kuamini au kutoamini. Hakuna aliyekuwa na namba yangu ya simu, wala mimi sikuwa na ya mtu. Nisingejua.

"Tano," nikasema.

"Tatu," akasema yeye, akanipa ufunguo, akaniambia kufuli halifungi.